Kuku wa Mbegu Mchanganyiko Uani: Kulinganisha Mbegu, Banda na Ulishaji Kabla ya Kuchagua

Mtu anayetaka kufuga kuku wachache uani huanza kwa kuuliza ni mbegu ipi inayotaga zaidi, na akishapata jibu hutafuta banda litakaloenea mahali alipo. Mpangilio huo unamfaa anayefuga mbegu moja. Kwa anayetaka kuchanganya, swali linalotangulia ni jingine: kuku hao wanalingana kiasi gani kwa uzito, kwa tabia na kwa namna ya kulala? Tofauti ya mayai 30 au 40 kwa mwaka kati ya mbegu mbili hupotea mara moja pale ambapo kuku mmoja anamzuia mwenzake asifike kwenye chakula, ilhali mbegu mbili za wastani zinazoelewana zinaweza kukaa pamoja miaka mingi bila mfugaji kulazimika kujenga banda la pili. Kwa hiyo katika ulinganisho huu mbegu na banda vinapimwa pamoja, kwa kuwa kosa katika kimoja hujitokeza katika kingine.

Mbegu moja au mchanganyiko

Kundi la mbegu moja lina faida zake, wala si haki kulidharau. Kuku wote hukua kwa mwendo mmoja, huanza kutaga karibu wakati mmoja, hula chakula cha aina moja, na fito, viota na vyombo vyao hupimwa mara moja tu. Mgonjwa naye huonekana mapema, kwa sababu kuku aliyezubaa katikati ya wenzake wanaofanana naye hana pa kujificha. Udhaifu wa kundi hilo ni kwamba hupanda na kushuka kwa pamoja: wakati wa kunyonyoka manyoya ukifika, mayai hupungua kwa wote, mbegu ikiwa si ya kuatamia, hakitapatikana kifaranga bila mashine, na joto likiwa kali kwa mbegu nzito, hakuna hata mmoja atakayestahimili.

Mchanganyiko hugawanya hatari hizo. Kuku anayetaga sana lakini haatamii anaweza kuishi na yule anayetaga kidogo lakini akaangua mayai ya wenzake, na mbegu zinazochelewa kuanza kutaga hujaza pengo la zile zilizoanza mapema. Kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana: rangi ya yai humwambia mfugaji nani ametaga na nani ameacha. Kwa kawaida kuku mwenye ndewe nyeupe hutaga yai jeupe na mwenye ndewe nyekundu hutaga yai la kahawia, ingawa Silkie, kuku wa pambo ambaye ndewe zake huwa na rangi ya samawati, hutaga yai lenye rangi ya krimu. Mwenye kuku 8 wa mbegu nne anaweza kujua ndani ya siku mbili kwamba yule mweusi hatagi, jambo ambalo mwenye kuku 8 wanaofanana hulijua baada ya kuwakamata na kuwapapasa mmoja mmoja.

Kinachodaiwa na mchanganyiko ni uangalizi zaidi, vyombo zaidi na nafasi zaidi. Asiyeweza kutoa hivyo vitatu achague mbegu moja ya uzito wa kati, na hatakuwa amekosea.

Wepesi, wa kati, wazito na wa pambo

Kuku wepesi wanawakilishwa vyema na Leghorn, mbegu yenye asili ya Italia. Mtetea wake ana uzito wa takriban kilo 2, hula kidogo kuliko kuku mzito, na akiwa wa ukoo mzuri anaweza kutoa mayai meupe 280 au zaidi kwa mwaka. Huanza kutaga karibu wiki ya 20, na ni nadra sana kumwona akiatamia. Kuku hatoki jasho. Hutegemea kuhema na kilemba chake ili kupunguza joto la mwili, na kilemba kikubwa cha Leghorn humsaidia sana wakati wa jua kali, ingawa kilemba hichohicho huganda na kuumia penye baridi ya barafu. Ni kuku mwenye wasiwasi, anayeruka kwa kelele mtu akiingia ghafla, na ua wa mita 1 na nusu haumzuii kutoka. Fayoumi wa Misri yumo katika kundi hilohilo: ni mdogo, ni mvumilivu wa joto, ana sifa ya ukinzani dhidi ya baadhi ya magonjwa, lakini hapendi kushikwa wala kufungiwa mahali finyu.

Kundi la uzito wa kati ndilo lenye mengi ya kupimwa, kwa sababu mchanganyiko mwingi uliofanikiwa umejengwa juu yake. Humo wamo Rhode Island Red na Plymouth Rock wa Marekani, Sussex wa Uingereza na Australorp wa Australia. Mitetea yao huwa na kilo 2.5 hadi 3.5, hutaga mayai ya kahawia kati ya 200 na 280 kwa mwaka kutegemea ukoo na matunzo, na majogoo yao yana nyama ya kutosha. Hata hivyo hawafanani kwa tabia. Rhode Island Red ni mchapakazi asiye na makuu katika chakula, lakini ndiye anayependa kutawala, na akiwekwa na wapole huwa wa kwanza kwenye chakula na wa mwisho kuondoka. Plymouth Rock mwenye mistari myeusi na myeupe ni mtulivu zaidi. Sussex hupenda kuchakura na kumfuata mtu, naye hunenepa upesi akilishwa nafaka nyingi. Australorp ni mpole kuliko wote hao, ila manyoya yake meusi hunasa jua, hivyo asiye na kivuli cha kutosha asimfuge.

Australorp ndiye aliyeweka rekodi inayotajwa sana ya mwaka 1922–1923, ambapo mitetea 6 ilitaga jumla ya mayai 1,857 katika siku 365, yaani wastani wa zaidi ya 309 kwa kila mmoja. Rekodi hiyo ni ya kweli, lakini ilikuwa ya kuku waliochaguliwa kwa ajili ya mashindano ya utagaji. Jina la mbegu peke yake halimhakikishii mnunuzi chochote. Ndani ya mbegu moja kuna koo zilizolelewa kwa ajili ya maonyesho, ambazo zina manyoya mengi na mwili mkubwa, na kuna koo zilizochaguliwa kwa utagaji, ambazo hazipendezi sana macho; tofauti ya mayai kati ya koo hizo mara nyingine huzidi tofauti iliyopo kati ya mbegu na mbegu. Orpington, mbegu iliyotokana na kazi ya William Cook nchini Uingereza mwaka 1886, ni mfano mzuri: ilianzishwa kwa ajili ya mayai na nyama, lakini koo nyingi za sasa ni za manyoya mengi, hutaga kwa wastani na hupenda sana kuatamia. Muuzaji aulizwe mama wa vifaranga hao walitaga kiasi gani, na akishindwa kujibu, bei ya jina isilipwe.

Kuku wazito, kama vile Brahma na Cochin, wana mitetea inayokaribia kilo 4 au kuzidi kidogo. Ni watulivu, hawaruki, na ua wa mita 1 unawatosha; lakini mara nyingi huanza kutaga wakiwa na miezi 7 au zaidi, hula sana, na manyoya ya miguuni mwao hushika tope, yakaganda, na kuwapa utitiri wa miguu mahali pa kujificha. Penye joto na unyevu kuku hawa huteseka, na hakuna banda zuri kiasi cha kuifuta tabia hiyo ya mwili wao.

Wa pambo ni Silkie, Polish na jamii za kuku wadogo. Silkie ana manyoya laini yasiyoshikana, kwa hiyo maji hupenya hadi kwenye ngozi. Hawezi kuruka, na hupendelea kulala chini wakiwa wamekumbatana. Kwa kuatamia hana mpinzani. Polish ana shungi kubwa linalomfunika macho, hamwoni anayemjia kutoka pembeni, na mshtuko wake wa kila mara huwaalika wengine kumdonoa.

Kuku wa kienyeji na kishingo wana nafasi yao. Wa kienyeji hutaga mayai machache, mara nyingi chini ya 100 kwa mwaka, lakini ni mahodari wa kujitafutia, kukwepa adui na kulea vifaranga. Kishingo, yaani kuku asiye na manyoya shingoni, kwa uchache wa manyoya yake hupoteza joto kwa urahisi kuliko kuku wengine, na penye jua kali ni mwenzi mzuri wa mbegu yoyote ya kati. Kuku chotara wa mayai wanaotagishwa kibiashara huzidi mayai 300 katika mwaka wa kwanza, kisha hushuka, na matatizo ya mfumo wa uzazi huwapata mapema. Wanafaa katika mchanganyiko wa anayetaka mayai ya haraka na ambaye yuko tayari kuwabadilisha. Kuku wa nyama wa kisasa wasiingizwe kabisa. Kifaranga wao hufikia kilo 2 na zaidi ndani ya wiki 6, na mwili unaokua kwa kasi hiyo juu ya miguu michanga hauwezi kugombania fito na chakula na Leghorn.

Nani akae na nani

Uzito ndio kipimo cha kwanza, na kwa maoni yangu mkubwa kuliko wote asimzidi mdogo kwa zaidi ya mara moja na nusu. Plymouth Rock, Sussex na Australorp hukaa pamoja karibu bila shida. Ukiongeza Rhode Island Red wawili katika kundi la kuku wakubwa 8, hakutakuwa na vita, mradi chakula kiwe mahali pawili pasipoonana. Leghorn na mbegu za kati hukaa pamoja iwapo uwanja ni mpana, kwa sababu Leghorn hujiokoa kwa kukimbia na kuruka. Katika banda finyu wasiwasi wake huwaambukiza wengine, na kundi zima huanza kudonoana.

Silkie na Rhode Island Red ni mchanganyiko mbaya, hata pale ambapo mwanzo wake ulionekana mzuri. Silkie na Brahma, ajabu kidogo, huweza kukaa pamoja licha ya tofauti kubwa ya uzito, kwa kuwa wote ni wapole na wote hulala chini au karibu na chini. Hii ndiyo hali pekee ambayo ningeipuuza kanuni ya uzito, na hata hapo jogoo wa Brahma asiwepo. Polish wawekwe na wapole wenzao au wapewe banda lao.

Njia ya uhakika ya kujua kama mchanganyiko umekubaliana ni kuwatazama jua linapotua. Wakati wa mchana wanyonge hujificha kwa kutembea, lakini saa ya kupanda fito kila mmoja hutaka mahali pake. Yule anayepanda akadonolewa utosini, akashuka, akajaribu upande wa pili, akafukuzwa tena, kisha akaishia kulala ndani ya kiota au sakafuni karibu na mlango, ndiye aliyeshindwa. Akiwa mmoja, aongezewe ufito. Wakiwa watatu wa mbegu moja, tatizo ni mbegu wala si ufito.

Banda la kudumu, la kuhamishika au la usiku tu

Banda la kudumu lenye uwanja uliozungushiwa wavu ndilo linalofaa zaidi kwa mchanganyiko, na sababu kubwa ni uhuru wa kuligawa. Mfugaji anaweza kuweka kizuizi cha wavu ndani yake pindi anapoleta kuku wageni, akatenga koo anayeatamia, au akawatenganisha wadogo na wakubwa wakati wa kula. Kipimo cha kuanzia ni mita ya mraba 0.4 kwa kila kuku ndani ya banda na mita ya mraba 1 uwanjani. Kwa mchanganyiko wenye wazito, au kundi ambalo hushinda limefungiwa, kipimo hicho kiongezwe kwa angalau nusu. Kuku 10 wa kati wanahitaji basi banda la mita za mraba 4, yaani mita 2 kwa 2, na uwanja wa mita za mraba 10. Kasoro yake ni kwamba ardhi ya uwanja huchoka: majani huisha, udongo hushiba kinyesi, na mayai ya minyoo na vimelea vya kuhara damu hubaki palepale. Uwanja uliogawanywa sehemu mbili zinazopumzishwa kwa zamu hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa.

Banda la kuhamishika, lenye magurudumu au mikono ya kubebea, huwapa kuku majani mapya kila siku na huacha mbolea mahali inapohitajika. Kwa kuku 4 hadi 6 wa mbegu moja nyepesi au ya kati ni zuri sana. Kwa mchanganyiko halinivutii: nafasi yake ni ndogo, mnyonge hana kona ya kukimbilia, na asiyelisogeza kila siku au kila baada ya siku mbili huwa ameligeuza kuwa banda finyu la kudumu lisilo na matandazo. Tena linahitaji ardhi tambarare, maana pengo dogo chini ya fremu humtosha mnyama mwenye njaa kuingia.

Namna ya tatu ni kuwaacha kuku wazurure mchana na kuwafungia usiku tu. Ugomvi hupungua, chakula cha kununuliwa hupungua kidogo, na kuku wepesi na wa kienyeji hustawi. Lakini namna hii huwapendelea waangalifu na kuwaadhibu wazembe. Mwewe akishuka, Fayoumi tayari yuko chini ya kichaka. Polish hajui kilichotokea, na Brahma bado anageuka. Anayetaka kuzurura awe na mbegu zinazoona vizuri na kukimbia, au akubali hasara.

Kwa mabanda yote matatu, wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita huwazuia kuku wasitoke, lakini hauwazuii maadui wasiingie, kwani mbwa huurarua na mnyama wa jamii ya kicheche hupenya. Wavu mgumu uliochomelewa, wenye matundu ya milimita 13, huzuia hata panya mkubwa na nyoka wengi. Utandazwe pia chini kwa upana wa sentimita 30 kuelekea nje ya ukuta, kwa sababu mchimbaji huanza kuchimba mguuni mwa ukuta, na akikuta wavu hushindwa kujua kwamba angerudi nyuma hatua moja angefaulu.

Kuhusu hewa, matundu yawe juu, kupita vichwa vya kuku waliolala, ili unyevu na amonia vitoke bila upepo kuwapiga usiku. Katika ukanda wa joto pande ndefu huachwa wazi kuanzia usawa wa kiuno na kuzibwa kwa wavu, na banda hulazwa mashariki na magharibi ili jua lisiingie moja kwa moja. Kupima hewa ya banda kwa kusimama mlangoni hakutoshi. Inama hadi usawa wa kichwa cha kuku anayelala chini, kaa hapo kidogo, na macho yakiwasha, ujue Silkie amekuwa akiivuta hewa hiyo usiku kucha.

Sakafu, fito na viota

Sakafu yenye matandazo mazito ya maranda ya mbao, pumba za mpunga au nyasi kavu, yenye kina cha sentimita 10 hadi 15, humfaa kila kuku: mzito hutua bila kuumia, anayelala chini hupata ukavu, na kuchakura huwapunguzia kuku uvivu unaozaa kudonoana. Yakigeuzwa mara kwa mara na kuongezewa makavu, matandazo hukaa miezi mingi kabla ya kuondolewa kama mbolea. Adui yake ni maji. Chombo kinachovuja kwa siku mbili huleta unyevu, na unyevu huleta kuhara damu kwa vifaranga. Sakafu ya chaga iliyoinuliwa huwa kavu na safi kwa kuwa kinyesi huanguka chini, nayo inafaa penye mvua nyingi, lakini kwa kuku wazito chaga na waya huchubua nyayo, na wa miguu yenye manyoya hunasa. Katika mchanganyiko wenye uzito tofauti ningechagua matandazo, na chaga ningeiweka chini ya fito tu.

Fito ndipo wafugaji wengi hukosea. Mbao yenye upana wa sentimita 4 hadi 5, kingo zake zikiwa zimelainishwa, ni bora kuliko bomba jembamba, na kila kuku apewe sentimita 25 hadi 30. Leghorn atapenda kulala mita 1 na nusu juu, lakini kuku wa kilo 4 anayeruka kutoka kimo hicho kila asubuhi hupata jeraha la unyayo, bakteria huingia, na uvimbe mgumu huota ambao hutibika kwa shida. Njia mbili zinashindana hapa: kuweka fito kwa ngazi, chini kwa wazito na juu kwa wepesi, au kuziweka zote usawa mmoja wa sentimita 45 hivi. Ngazi huonekana kuwa ya busara, lakini kila kuku hutaka ufito wa juu, na wanaoupigania ni wale wale wasiofaa kuruka. Usawa mmoja huondoa sababu ya ugomvi. Wepesi watanung'unika siku chache, kisha watazoea.

Viota viwe kimoja kwa kuku 4 au 5, vyenye sentimita 30 kila upande kwa mbegu za kati na 35 hadi 40 kwa nzito, na viwe chini kuliko fito, la sivyo vitageuka mahali pa kulala na mayai yatachafuka. Kimoja kikae sakafuni kwa ajili ya Silkie. Koo akianza kuatamia, ahamishwe usiku na mayai yake mahali pa peke yake kwa siku 21 za kuangua, kwani akibaki kiotani wenzake wataendelea kumtagia.

Banda la mbao ni rahisi kujenga na hupoa vizuri, lakini nyufa zake ni maficho ya utitiri mwekundu, ambao hutoka usiku kunyonya damu na kurudi kabla ya mchana. Kitambaa cheupe kikipitishwa chini ya ufito usiku, mstari mwekundu utaonyesha kwamba wapo. Bati au plastiki haina nyufa nyingi, ila hupata joto upesi, na bila kivuli haifai.

Chakula kimoja kwa midomo tofauti

Chakula cha kuku wa mayai kina protini ya asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Kikiwekwa mbele ya mitetea inayotaga pekee, hakuna kilicho rahisi kuliko hicho. Tatizo ni kwamba kundi la mbegu tofauti mara nyingi ni la umri tofauti pia: Leghorn ameanza kutaga, Brahma wa umri uleule bado ana miezi miwili ya kungoja, na jogoo hahitaji kalsiamu hiyo kabisa. Kalsiamu nyingi kwa kuku wachanga huharibu figo. Kwa sababu hiyo, katika mchanganyiko ni afadhali kuwapa wote chakula cha kukuzia chenye protini ya kutosha na kalsiamu ya takriban asilimia 1, kisha magamba ya chaza au kombe yaliyopondwa yawekwe katika chombo cha pembeni. Mtetea anayetaga atayafuata mwenyewe, na asiyetaga atayapita.

Kutenga chakula cha kila kundi ni njia sahihi zaidi kwa vitabu, lakini huwezekana tu penye vizuizi vya ndani. Vifaranga peke yao ndio wanaostahili juhudi hiyo, na kitundu kidogo wasichopenya wakubwa kinatosha. Kuku wa kati hula gramu 110 hadi 130 kwa siku, Leghorn pungufu kidogo, wazito zaidi. Maji ni karibu maradufu ya chakula, na wakati wa joto huzidi hapo. Vyombo viwe viwili au vitatu katika sehemu tofauti, na Polish apewe maji kwa chuchu za kunyweshea au chombo chenye ukingo mwembamba ili shungi lisilowe.

Jogoo, na wageni wa baadaye

Mtetea hutaga bila jogoo, kwa hiyo anayetaka mayai tu hana haja naye. Anayetaka vifaranga achague jogoo wa uzito wa kati, mmoja kwa mitetea 8 hadi 12. Jogoo mzito humchubua Leghorn mgongo kwa kucha na kipi hadi manyoya yaishe. Jogoo wa Rhode Island Red akipanda mtetea wa Plymouth Rock mwenye mistari, vifaranga hutofautika siku ya kwanza: wa kiume wana doa jeupe utosini, wa kike hawana. Kinyume chake, jogoo wa mistari kwa mtetea mwekundu, hakitoi alama hiyo, wala vifaranga hao wakipandana hawarithishi. Anayetaka kurudi kwenye mbegu halisi akumbuke kwamba mtetea huhifadhi manii ya jogoo mwilini kwa wiki mbili hadi tatu, hivyo mayai ya wiki hizo yasiwekwe kuatamiwa.

Kwa kuwa mbegu mbalimbali hununuliwa mahali mbalimbali, chanjo zao hazifanani, na hapo mchanganyiko ni hatari kuliko mbegu moja iliyonunuliwa kwa mkupuo. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hukingwa kwa chanjo inayorudiwa. Chanjo ya ugonjwa wa Marek hutolewa kwa kifaranga wa siku moja, na muuzaji aulizwe kama ilitolewa. Njia salama kuliko zote ni kununua vifaranga wa mbegu zote siku moja na kuwalea pamoja, maana waliokua pamoja hupangana vyeo wakiwa bado hawana nguvu ya kuumizana. Wageni wakubwa watengwe siku 30 mbali na kundi, kisha waonekane kupitia wavu kwa wiki moja, ndipo waingizwe usiku, wawili au zaidi kwa pamoja, kamwe si mmoja.

Kulingana na hali ya mfugaji

Mwenye uwanja mdogo, asiye na muda wa kutwa, na anayetaka mayai ya kutosha nyumbani, atafaidika zaidi na Plymouth Rock, Sussex na Australorp, wawili wawili, katika banda la kudumu lenye matandazo, bila jogoo. Mwenye eneo pana na adui wachache achukue Leghorn au Fayoumi pamoja na kishingo na wa kienyeji, awafungie usiku tu, na ahesabu kwamba baadhi ya mayai yatatagwa vichakani. Anayetaka kuangua aweke mbegu za kati na koo mmoja au wawili wa kienyeji au Orpington kwa ajili ya kuatamia. Silkie aingie tu pakiwa na sehemu iliyotengwa, na asipewe mayai makubwa zaidi ya 6 au 7. Penye baridi kali Leghorn aachwe na Brahma afikiriwe, penye joto la unyevu iwe kinyume chake. Na yule ambaye moyo wake uko kwa mashungi na manyoya ya sufu, asiye na haja kubwa ya mayai, ajenge banda dogo la Polish na Silkie peke yao, lenye paa lililofunika uwanja wote, kwa sababu mvua moja ya usiku inatosha kuwalowesha hadi kwenye ngozi.